Muhogo Mchungu na Chombo Kilichofungwa

Kila mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza hukutana na swali hili, au na ndugu yake wa karibu. Unapewa myeyusho wa haidrojeni sayanaidi, HCN, wenye moli 0.10 katika kila lita. Unaambiwa kwamba kima cha Ka ni 6.2 × 10⁻¹⁰. Unatakiwa utafute pH. Unaandika HCN ⇌ H⁺ + CN⁻, unachora jedwali lako la mistari mitatu, yaani mwanzo, badiliko na msawazo, kisha unasema kwamba x ni ndogo mno kiasi kwamba 0.10 haitapungua kwa kiwango cha kuhesabika. Kipeo cha pili cha x ni 6.2 × 10⁻¹¹, x yenyewe ni 7.9 × 10⁻⁶, na pH ni 5.1. Unapiga mistari miwili chini ya jibu, unakwenda kwenye swali linalofuata.

Wenzangu wengi huliona swali hili kuwa jepesi, na kweli ni jepesi. Lakini siku nilipolikuta kwa mara ya kwanza niliinua kichwa nikatazama huku na huku, kama mtu aliyesikia jina la jirani yake likitajwa katika mji wa ugenini. HCN naijua tangu utotoni. Nimeikimbiza mbuzi wasiile, nimeinusa ikitoka kwenye kinu, na nimeketi usiku kucha nikimwangalia ndugu yangu mdogo akihangaika nayo tumboni. Kwetu haiitwi haidrojeni sayanaidi. Kwetu tunasema tu kwamba muhogo ni mchungu.

Ninatoka Ludara, katika wilaya ya Koboko, ambayo ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Koboko imepakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine. Mtu wa kwetu husema Kikakwa nyumbani, hujikongoja kwa Kilugbara akifika Arua, na sokoni, anapokutana na mama wa Kikongo mwenye ungo wa dagaa, hukimbilia Kiswahili. Lugha zinabadilika njiani lakini sahani haibadiliki sana. Ni ugali wa muhogo, mara nyingine ukichanganywa na mtama au wimbi, ule ambao wenzetu Walugbara huuita enyasa.

Muhogo wetu uko wa aina mbili. Mtamu unaweza kuuchemsha ukaula mchana uleule. Mchungu hauliwi hivyo. Hata hivyo watu wengi hupanda mchungu kwa hiari yao, kwa sababu nyani na nguruwe mwitu hawaufurahii, na mwizi naye hawezi kuuchimba usiku akaula njiani. Sumu ni uzio wa shamba. Tatizo ni kwamba siku ya kula, mwenye shamba naye lazima aruke uzio huohuo.

Bibi yangu huuruka hivi. Anamenya mizizi, anaikata vipande, anairundika pembeni mwa nyumba na kuifunika majani kwa siku tatu au nne, mpaka iote ukungu na kulainika. Anakwangua ukungu, anaponda vipande, kisha anavitandaza juu ya mwamba uliopigwa jua. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku. Yakikauka yakawa makopa meupe yanayovunjika kwa mlio, hupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Kutoka shambani hadi chunguni inaweza kupita wiki nzima, wakati mwingine zaidi.

Sasa niieleze kazi hiyohiyo kwa lugha ya darasani. Ndani ya seli za muhogo mmehifadhiwa kitu kiitwacho linamarini. Chenyewe hakina haraka ya kumdhuru mtu. Katika kuta za seli kuna kimeng'enya chake, linamarazi. Wawili hawa wanaishi kama nyumba mbili zilizotengwa na ua. Muhogo ukikatwa, ukipondwa au ukilainishwa na ukungu, ua unavunjika na wanakutana. Kimeng'enya kinaivunja linamarini kwa msaada wa maji, tunapata sukari ya glukosi pamoja na kitu cha kati kiitwacho asetoni sayanohidrini. Hicho nacho huvunjika kuwa asetoni na HCN. Gramu moja ya linamarini ina uwezo wa kutoa takribani gramu 0.11 za HCN. Unaweza kulihakiki hilo mwenyewe kwa kugawanya 27 kwa 247.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu, kwa sababu inakwenda mbele na inarudi nyuma:

asetoni sayanohidrini ⇌ asetoni + HCN

Mwanafunzi wa kemia akiona mishale miwili mkono wake unaanza wenyewe kuchora jedwali. Anataka kujua K ni ngapi, na katika msawazo kitabaki kiasi gani upande huu na kiasi gani upande ule. Lakini kabla ya kuchora jedwali kuna sharti ambalo limeandikwa katika kila kitabu, nasi hulisoma haraka kama tunavyosoma jina la mchapishaji. Sharti lenyewe ni kwamba chombo kiwe kimefungwa. Msawazo ni habari ya chombo ambacho hakuna kinachoingia wala kutoka. Chombo kikiwa wazi, na kitu kimoja upande wa kulia kikawa kinaondoka, mmenyuko unaendelea kukifuata kile kilichoondoka. Hauwezi kupumzika. Utakwenda hadi upande wa kushoto uishe.

Na HCN inaondoka kweli. Inachemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi. Mwamba wa Ludara saa saba mchana katika mwezi wa Januari una joto kuliko hilo kwa mbali. Kwa hiyo bibi anapoponda anavunja ua, anapotandaza anafungua chombo, na anapogeuzageuza vipande juani anahakikisha kwamba msawazo hautafika kamwe. Usalama wa sahani yetu umo katika kuuzuia msawazo. Darasani tunafundishwa kuuhesabu. Hakuna anayetuambia kwamba kuna watu ambao maisha yao yote wameshughulika kuuvuruga.

Nilipokuwa likizo niliamua kumweleza bibi ninachosoma. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, yeye anamenya, mimi nakata. Nilimwambia, kwa Kikakwa changu kilichojaa maneno ya kuazima, kwamba kuna mambo ambayo yanakwenda na kurudi, na yakifungiwa mahali pamoja mwishowe kwenda kunalingana na kurudi, basi ukitazama unadhani yametulia kumbe bado yanakwenda.

"Kama watu wa mpakani siku ya soko," alisema.

"Ndiyo, bibi. Kama watu wa mpakani."

Alimenya mzizi mwingine. "Na huo muhogo wenu wa chuoni, mnaufungia wapi?"

"Ndani ya chupa, bibi."

"Kwa nini mtu aufungie muhogo mchungu ndani ya chupa, mjukuu wangu?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lilibaki. Nilikwenda kulitafutia jibu katika historia ya somo lenyewe, na nilichokikuta kilinifurahisha. Wazo la kwamba mmenyuko unaweza kwenda na kurudi halikuzaliwa ndani ya chupa. Mwaka 1798 mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet alifika Misri pamoja na msafara wa Napoleon. Huko aliona magadi yakiwa yameganda kando ya maziwa ya chumvi. Katika maabara za Ulaya ilijulikana kwamba magadi yakichanganywa na kloridi ya kalsiamu hutoa chokaa na chumvi ya kawaida. Kando ya maziwa yale jambo lilikuwa limekwenda kinyume: chumvi nyingi na chokaa nyingi vilikuwa vimetoa magadi. Berthollet alitambua kwamba wingi wa vitu unaweza kuusukuma mmenyuko urudi ulikotoka. Wanorwe Guldberg na Waage walianza kuliweka wazo la namna hiyo katika hesabu mwaka 1864, na Le Chatelier akatoa kanuni yake mwaka 1884. Basi mzizi wa somo letu uko kwenye ufuo ulio wazi, katika bara hili, katika nchi ya Mto Nile ambao kabla ya kufika huko umepita mashariki mwa West Nile yetu. Vitabu ndivyo vilivyokuja kuufunga mlango baadaye, na vilikuwa na sababu njema, maana kitu kilichofungwa kinahesabika.

Sidharau hesabu. Bila hesabu nisingeweza kulijibu swali la pili la bibi, alilouliza jioni ileile. Wanawake wengi wa kwetu hupika mboga kwa maji ya majivu. Majivu huwekwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu, na yale yanayochuruzika chini hulainisha kunde na majani magumu. Bibi alitaka kujua iwapo maji hayo yakitiwa kwenye muhogo mchungu yataimaliza sumu, kama yanavyoumaliza ugumu wa kunde.

Hapa Ka iliyoonekana kuwa namba ya mtihani iligeuka kuwa mshauri wa jikoni. Uwiano wa CN⁻ kwa HCN ni sawa na Ka kugawanywa kwa ukolezi wa H⁺. Katika maji ya kawaida yenye pH 7 uwiano ni 6.2 × 10⁻¹⁰ kugawanywa kwa 10⁻⁷, yaani 0.0062. Katika kila molekuli 1,000 ni kama sita tu zilizogeuka ioni. Nyingine zote ni HCN kamili, yenye uwezo wa kuruka na kwenda zake. Katika maji yaliyochacha yenye pH 4 ioni ni chache zaidi, hazifiki hata moja katika 100,000. Lakini tukichukulia maji makali ya majivu yenye pH 11, uwiano unakuwa 62. Karibu asilimia 98 imegeuka ioni ya CN⁻, na ioni hairuki hewani. Imefungwa ndani ya maji kwa kufuli ambalo hulioni.

"Usitie, bibi," nilimwambia. "Majivu yanafunga mlango."

Hakuuliza Ka ni nini. Aliuliza kama nina uhakika, nikasema ninao.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hueleza vizuri. Mtu anaweza kudhani kwamba kuchemsha ndiko dawa ya kila kitu. Kumbe muhogo mchungu ukitupwa mbichi kwenye maji yanayotokota, kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi yake, ilhali linamarini inastahimili moto. Ua haujavunjika, jirani mmoja amefariki, na sumu imebaki na mwenyewe ndani ya chakula kilichoiva. Hata uchachu wa kuloweka una pande mbili: unalainisha mzizi na kuvunja seli, lakini pH ikishuka chini ya 5 ile asetoni sayanohidrini inatulia, haivunjiki haraka. Ndiyo maana muhogo uliolowekwa lazima bado ukaushwe na kupikwa vizuri. Hakuna hatua moja inayotosha, na wazee walijua hivyo bila kuandika mlinganyo.

Ikiwa wanajua, kwa nini watu bado wanaugua? Swali hili ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, watu waliokula chakula cha msibani walianza kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo. Uchunguzi wa mlipuko ule ulihesabu wagonjwa 98, na wawili kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa unga wa muhogo. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sayanaidi kwa kilo, wakati kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10. Hebu tufanye hesabu ambayo haimo katika kitabu chetu. Kiasi cha sayanaidi kinachoweza kumuua binadamu hutajwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 150 za unga wa miligramu 10 kwa kilo, anapokea miligramu 1.5 kwa jumla. Akila kiasi hichohicho cha unga wa miligramu 88, anapokea miligramu 13.2, naye mpaka wake wa chini ni miligramu 7.5. Kweli, kupika kunapunguza, na sehemu ya linamarini hupita mwilini ikatoka kwenye mkojo bila kuvunjika. Lakini hakuna mzazi ambaye angependa kuegemea punguzo hilo.

Kuna pia madhara ambayo hayaishi usiku mmoja. Mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, ambao wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitapona. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Tanzania nayo iliuona ugonjwa huu Tarime katika miaka ya 1980, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Kila mara wagonjwa walikuwa watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha, bila chakula kingine cha maana. Mwili wetu una njia yake ya kuitengua sayanaidi: huipachika salfa, ikawa thiosayanati, ikatoka kwenye mkojo. Salfa hiyo hutoka katika protini. Mwenye maharage, samaki, ufuta au yai ana akiba ya kulipia. Asiye navyo anakopa kwenye mwili wake.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la Bandundu, katika Kongo hiyohiyo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo. Watu wa huko walizoea kuloweka muhogo siku tatu. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, malori yakaja, wanunuzi wakataka mzigo kila siku, na watu wakaanza kuloweka kwa usiku mmoja tu ili wauze zaidi. Konzo ikaongezeka. Hakuna aliyekuwa amesahau kanuni ya siku tatu. Kila mmoja aliijua. Lakini lori halingoji siku tatu.

Sisi nasi tuna barabara ya lami kutoka Arua hadi Koboko, na tuna malori, na tuna wanunuzi wa kutoka Sudan Kusini na Kongo. Kwa hiyo nilipoisoma habari ya Bandundu sikuisoma kama habari ya mbali.

Na njaa ina ratiba yake. Kwetu kiangazi ni tangu Desemba hadi Machi hivi. Wakati huo jua ni la bure, mwamba ni mkavu, na ghala bado lina kitu. Mvua zinapoanza, mwezi wa Aprili, ghala linaelekea kuisha, mazao mapya bado ni majani, na makopa hayakauki. Yaani wakati tunapouhitaji muhogo zaidi ndio wakati ambao muhogo unahitaji siku nyingi zaidi. Hesabu hizi mbili hazikutani popote.

Mwaka nilipokuwa sekondari, mwaka wa tatu, zilikataa kukutana nyumbani kwetu. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Mama alichimba muhogo uliokuwa bado haujakomaa, akaurundika siku moja badala ya nne, akaukausha juu ya moto jikoni, akausaga. Tulikula usiku. Kabla ya usiku wa manane ndugu yangu wa miaka sita alianza kutapika, akalalamika kwamba kichwa kinazunguka, kisha akawa haongei. Hakukuwa na usafiri katika matope yale. Mama alimshikilia, mimi nilishika taa. Alfajiri alifungua macho akaomba maji. Leo anacheza mpira kuliko wote mtaani, lakini mama yangu mpaka sasa hapendi usiku ule utajwe.

Ninautaja kwa sababu moja. Mara nyingi nimesikia watu wazuri, wenye elimu, wakisema kwamba dawa ya mambo haya ni kuwaelimisha akina mama vijijini. Mama yangu alikuwa ameelimika. Alifundishwa na bibi, na angeweza kuwafundisha wao. Alijua siku nne ni siku nne. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, nao hawakusema hana akili. Kilichokosekana katika nyumba yetu kilikuwa siku tatu, na chakula cha kula ndani ya siku hizo. Njaa, kama kufuli la majivu, iliufunga mlango kabla HCN haijatoka.

Basi kemia ina nini cha kumpa mtu asiyeweza kusubiri? Nilidhani haina kitu, mpaka niliposoma kuhusu njia ya kulowesha unga iliyotengenezwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ikatumika vijijini Msumbiji, Tanzania na Kongo. Ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Unaweka unga wa muhogo kwenye beseni na kuweka alama mahali unapofikia. Unatia maji huku ukikoroga. Mwanzoni unga unashuka, halafu unapanda. Ukirudi kwenye alama yako, maji yametosha. Unautandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimeta moja. Unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha unausonga ugali siku hiyohiyo.

Maelezo yake unayaona mwenyewe. Makopa yanapokauka haraka, kimeng'enya hakifi. Kinalala kwa kukosa maji, na linamarini iliyobaki inalala karibu naye. Ukilowesha unga, ambao seli zake zimekwisha kusagwa, wote wawili wanaamka na kukutana. HCN inatoka, na kwa kuwa tabaka ni jembamba, haina safari ndefu ya kufika hewani. Kanuni ileile ya bibi, ua umevunjwa na chombo kimefunguliwa, lakini kwa saa chache badala ya siku. Haiondoi sumu yote. Huibakiza kama theluthi, au hata chini ya hapo. Kwa unga wa mwezi wa Mei hiyo ni tofauti kubwa.

Nilimpelekea bibi habari hii nikiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Hakuipokea upesi. Alisema unga ukilowa unachacha. Nikamwambia ndiyo, lazima upikwe siku hiyo. Akasema kuku wataumaliza. Nikasema nitaketi niwafukuze, kazi niliyoizoea. Akasema mvua je? Nikamwambia hata kivulini, ndani ya nyumba, kwa saa tano, madirisha yakiwa wazi. Hapo alinyamaza kidogo.

"Saa tano si siku nne," alisema mwishowe.

Tulijaribu mchana ule. Alipima alama ya beseni kwa ukucha wake, akatandaza unga kwa kiganja, akanusa mara kadhaa. Harufu ilitoka kweli, ile kali ninayoikumbuka kutoka kwenye kinu. Ugali aliousonga jioni ulikuwa mwepesi kidogo mdomoni, na uchungu ulikuwa umepungua. Bibi alisema kwamba ataendelea na mwamba wake wakati wa jua, na huu utakuwa wa wakati wa mvua. Mama hakusema kitu. Siku iliyofuata nilimkuta amekwisha kutandaza unga kwenye mkeka wake, peke yake, ndani ya chumba, dirisha likiwa wazi.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi dogo. Swali la HCN liendelee kuwepo, pamoja na jedwali lake na x yake ndogo, kwa sababu bila hilo nisingeweza kumwambia bibi kuhusu majivu. Lakini lifuatiwe na swali la pili: myeyusho huohuo uachwe kwenye sahani pana, juani, nyuzijoto 30, eleza kitakachotokea, na kwa nini K haiwezi kukusaidia kupata jibu. Mwanafunzi akilijibu hilo atakuwa ameelewa msawazo ni nini na wapi unakoma. Na kwa sisi tunaotoka Koboko, Yumbe, Arua, Tarime au Mtwara, atakuwa ameelewa chakula chake.

Mwaka ujao nitakwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo, na nimeomba shule iliyo karibu na nyumbani. Karatasi za pikrati, ambazo hugeuka kutoka manjano hadi kahawia unga ukiwa na sayanaidi, zinaweza kutengenezwa katika maabara ya shule chini ya uangalizi. Ninataka wanafunzi walete unga wa nyumbani kwao, mwezi wa Mei, tupime kabla ya kulowesha na baada ya kulowesha, kila mmoja aandike namba zake mbili. Kisha wazipeleke nyumbani.